Bi Mwanasiti Hakutaka Sijambo

Hadithi hii hakuna atakayeisadiki, na asiyesadiki aje kisiwani, kijiji cha Baleni, aiulize minazi. Anayeiandika ni Mkadam mwenyewe, na kwa kuwa mtu mzito hajitaji kwa "mimi", atajiita Mkadam. Alikuwa mkwezi huyo, kima wakimwona wanashuka kwa haya.

Mwaka 1971 mnazi ulimtema. Aliangukia mgongo, na toka kiunoni kwenda chini hakusikia tena kitu, hata siafu. Mkewe Biasha alimlaza, akamnywesha uji, akamlilia. Kila aliyekuja kumjulia hali alijibiwa kama wazee walivyofunza: "Sijambo, alhamdulillahi."

Siku ya nne akaingia Bi Mwanasiti, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mfupi, viatu vyeupe vimejaa mchanga.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba. U hali gani?"

"Sijambo."

"Hujambo? Basi inuka unipishe nikae."

Biasha alimwona hana huruma. Mkadam naye alimwona hivyo, mpaka alipopata habari ya Pazi.

Pazi alikuwa mdogo wake Bi Siti, tumbo moja, mkwezi pia. Alianguka dada yake akiwa bara anasomea uuguzi. Barua za nyumbani zilianza kama barua zote: sisi huku wazima wa afya, hofu ni juu yako. Miezi saba Pazi alikuwa mzima wa afya kwenye karatasi. Bi Siti aliporudi alikuta kaburi, na godoro la sufi limeoza pale mgongo ulipolala bila kugeuzwa.

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia "sijambo". Ukisema umetembea, anauliza hatua ngapi.

Basi Mkadam akawa anageuzwa kila adhana, na mara tatu zaidi kati ya isha na alfajiri. Bi Siti alichimbia boriti mbili uani, akazikaza kwa kamba ya makumbi ya nazi, akamsimamisha katikati. Wanawake kumi na mmoja wa kijiji aliwafundisha kazi hiyo ya kugeuza na kunyoosha, wakaenda nayo nyumba hadi nyumba. Mkadam alisoma kisomo cha watu wazima kitandani, ndiyo maana herufi zake mpaka leo zimelala chali.

Siku moja akatembea. Kisha hakutembea tena. Mgongo ulikuwa na uamuzi wake. Lakini hakuota kidonda, na yu hai, na uongo anausema vizuri.

Mwaka 1976 kiharusi kilimpiga Bi Siti upande wa kulia, kikaondoka na ulimi. Kijiji kiliamua kumpa kanga na cheti, na Mkadam aandike risala. Wiki ya tatu Mkadam akapakiwa kwenye mkokoteni hadi kwa Bi Siti.

Mlangoni alikaa Mashavu, dada wa Bi Siti.

"Mgonjwa vipi?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

Mkadam alihisi baridi hata kwenye ile miguu isiyohisi. Chumbani Bi Siti alikuwa ameelekea ukutani.

"Anageuzwa?"

"Mwache apumzike, kaka. Kafanya kazi sana."

"Amelalia ubavu huo tangu lini?"

Mashavu alishika upindo wa kanga yake, akaukunja, akaukunjua.

"Mgeuze, dada yangu. Hata kwa ajili yangu tu. Risala haisomewi kisogo."

Wakamgeuza. Ubavuni ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, na Mashavu alipoiona alijifunika uso. Bi Siti alimtazama Mkadam kama mtu anayetazama kupitia dirishani. Mkadam akakohoa, akafungua daftari.

"Bi Mwanasiti alitibu watu mia nane," akasoma. Yale macho hayakutikisika. "Aliwasimamisha viwete wa kisiwa kizima." Mkadam akafunga daftari, akasema ya kichwani. "Nami alinisimamisha, nikatembea hatua ishirini, bila kushikwa na mtu, kutoka kwenye boriti hadi mlango wa msikiti, na watu wote wakaja kutazama, hata—"

Upande mmoja wa mdomo wa Bi Siti ulisogea.

"Ta," alisema. "Ta... tatu."