Mchanga wa Kiwengwa Uliolishwa Makumbi

Kata inakwaruza chini ya mtungi kabla ya adhana ya alfajiri. Bi Salhiya Silima anachota maji yaliyobaki, anayapeleka taratibu kwenye mashina yake ya tungule, yaani nyanya.

“Mchanga wetu huu mlafi,” anasema. “Ukiupa maji, hujageuka ushayameza, unataka tena.”

Bustani ya mjane huyu iko nyuma ya nyumba yake, Kiwengwa, karibu na pwani. Kiwanja ni cha shemeji yake, Hasan, mfyatua matofali. Mwaka jana tungule zote zilipokufa, Hasan alimwambia: nakupa kiangazi kimoja tu, usipovuna nauchota mchanga wangu.

Kilichoziua ni makumbi ya nazi. Jirani yake, Bi Mwatum, msuka kamba, huyafukia pwani miezi mingi yalainike, kisha huyaponda. Aliyompa, Bi Salhiya aliyatia kwenye matuta vilevile, yakinuka bahari.

“Maji yalikaa kweli. Na chumvi nayo ikakaa!” anacheka. “Kinachoshika maji hakichagui maji.”

Bi Mwatum hakumcheka. Bila ya kuombwa, alianza kumwekea chenga za makumbi uani kwake, zikapigwa na mvua za masika mpaka chumvi ikatoka. Bi Salhiya akazichanganya na majani yaliyooza na samadi ya mbuzi, akayafunika matuta kwa makuti.

Jua limeshapanda. Hasan anaingia na toroli na beleshi.

“Shikamoo, shemegi.”

“Marahaba. Toroli hilo linakwenda wapi?”

“Si lishafika! Kiangazi ndo kinakwisha.”

“Tia mkono kwanza. Tuta hilo sijalitia maji tangu jana asubuhi.”

Hasan anafunua makuti, anachimba kwa vidole. Udongo unatoka mweusi, wa baridi. Anaufumbata, anafumbua kiganja. Umeshikana kama tonge.

“Mimi nikijua mchanga haufundishiki.”

“Haufundishiki, baba. Hulishwa.”

Hasan anaziangalia tungule zilizoiva, kisha anaegemeza beleshi ukutani. “Basi. Mchanga nitatafuta kwengine.”

Bi Salhiya anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anaanza kuchuma. Masika ijayo anataka kulima hata uwanja wa Bi Mwatum, wagawane mavuno. Fungu la kwanza la leo ameshamtengea yeye. La pili analitia kwenye toroli tupu.

“Uje tena, shemegi,” anasema. “Lakini beleshi liache kwako.”