Msokota biri aliyekataa kunyamaza

Asubuhi bado mbichi, na Mama Habari amekwisha kuwasha. Si kwa anasa. Katika karakana hii kila msokotaji hufungua siku kwa kuvuta biri moja aliyoisokota mwenyewe jana yake, na anayekwepa kuonja kazi ya mkono wake hapewi majani ya leo.

Biri ni ile sigara nene ya majani matupu. Haina karatasi, haina pamba ya kuchujia. Ni tumbaku ndani, tumbaku katikati, tumbaku juu, na ikiwa mbaya haina pa kujificha.

Mama Habari anavuta kidogo, anafumba jicho moja, anauacha moshi ukae.

"Moshi huu haumezwi," anasema. "Unakaa kinywani kama mgeni sebuleni. Unamuuliza atokako, unamsikiliza, kisha unamfungulia mlango aende zake. Mwanzo ni pilipili manga, hiyo unaisikia kwenye ncha ya ulimi. Tulia. Sasa inakuja kahawa kavu. Ukifika katikati ni mbao, kama kabati jipya likifunguliwa. Utamu uko mwisho kabisa, na wenye haraka zao hawaupati."

Anaizima kwenye kibati, anafuta mikono kwa kitambaa chenye maji, na kuvuta ubao wake karibu.

Ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Kina meza kumi na mbili za mbao zilizong'aa kwa viwiko vya miaka, na harufu nzito iliyoingia mpaka kwenye chokaa ya kuta. Kwenye kona kuna marundo ya majani yaliyovundikwa miezi mingi chini ya magunia mpaka yakaacha ukali wake.

Mama Habari anakunja majani ya ndani moja moja, kama anayekunja leso za mtoto mchanga, akiacha njia ya hewa kati ya jani na jani. Anayafunga kwa jani gumu. Kisha anachukua jani la juu, jembamba, laini kama ngozi ya sikio, anapunguza ukingo wake kwa kisu cha mviringo na kulizungusha kwa mshazari mpaka mshono unapotea machoni. Mwisho anakata kikofia kidogo na kukibandika kichwani kwa tone la gundi.

Anaisogeza biri sikioni, anaibinya kidogo.

"Hii inapumua," anasema. "Mpeni mkaguzi."

Kisha anageukia chumba kizima. "Haya jamani, nani yuko kitini leo?"

Swali hilo ndilo lililotaka kumtoa kazini.

Tangu karakana hii ifunguliwe, wasokotaji wana desturi yao. Kila asubuhi mmoja hukaa kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani, akapiga habari: nani kaposa, nani kahama, fundi cherehani gani kawashonea maharusi wawili gauni la kitambaa kimoja na wote wakafunga ndoa siku moja. Wengine husokota. Majani ya aliye kitini hugawanywa kwa wenzake, kila mmoja akamsokotea kidogo, na jioni hesabu ya chumba inatimia kama kawaida.

Mzee mwenye karakana alikuwa akiingia na kiti chake mwenyewe kusikiliza. Alipostaafu kwa maradhi ya miguu, akashika mwanawe. Wanawake wanamwita Bosi Mdogo, yeye hajui.

Bosi Mdogo si mtu mbaya, na Mama Habari mwenyewe anakiri hivyo. Biri anazijua, kakulia chini ya meza hizi. Ila aliposimama mlangoni mara ya kwanza kama bosi, alichokiona ni mtu mmoja amekaa bure.

"Nalipa watu kumi na wawili," alisema, "wanasokota kumi na mmoja. Huyu wa kitini namlipia nini, umbea?"

"Jioni unapokea biri za watu wangapi?" aliuliza Mama Habari.

"Za kumi na wawili. Mngekuwa mmekaa kimya ningepokea za kumi na wanne."

"Basi tungoje hizo za wawili ambao hawajazaliwa."

Chumba kikacheka. Bosi Mdogo hakucheka. Kesho yake kiti cha mbele kilikuwa kimeondolewa, na amri ikatoka: kazini ni kimya, mwenye habari zake azipeleke nyumbani kwake.

Wenzake Mama Habari walitii. Kila mmoja ana watoto, ana kodi, ana mume anayeuliza. Mama Habari alijaribu kunyamaza akashindwa kabla ya chai. Alikuwa tu anamwambia jirani yake wa meza, mama mmoja wanayemwita Kifupi, kwamba muuza mkaa wa mtaani kwao kanunua meno ya dhahabu.

"Mangapi?" Kifupi alinong'ona.

"Moja. Lakini anavyocheka utadhani kinywa kizima."

Bosi Mdogo alikuwa nyuma yao. Siku ile ile meza ya Mama Habari ilihamishiwa stoo, ng'ambo ya uani, kati ya masanduku matupu na baiskeli mbovu.

"Alidhani atanikomesha," anasema. "Mimi nikasema moyoni, nitamsokotea biri ambazo hajapata kuziona. Atakuja mwenyewe kuniomba radhi."

Haikuwa hivyo. Kule stoo alisokota kwa kasi na kwa hasira, hakuna wa kumsemesha ila panya. Siku iliyofuata, akiwa peke yake, akawasha ya kwake kama desturi. Akavuta, moshi hauji. Akavuta tena mpaka mashavu yakakutana. Biri ilikuwa nzuri ya kutazama, mshono hauonekani, kikofia kimekaa sawa, lakini ndani imekazwa kama kamba ya mbuzi.

Akadhani bahati mbaya. Akawasha nyingine. Ile ile. Katika miaka yake yote ya kusokota, mkaguzi alikuwa hajawahi kumrudishia biri kwa kosa la kuziba.

"Nilikaa chini nikajicheka," anasema. "Nikagundua nilikuwa namkaba bosi shingo, jani baada ya jani. Mtu akiongea, mkono unasahau kuwa unafanya kazi, unalegea. Ukimfungia mdomo, kila kilichomo tumboni kinashuka vidoleni."

Ndani ya chumba kirefu mambo yalikuwa hayo hayo. Mkaguzi, mama mtu mzima ambaye wote humwita Dada Mkubwa, ana beseni la bati anakotupia biri zilizoharibika ili zifumuliwe. Zamani beseni lile lilikuwa halijai kwa wiki. Wiki ile ya kimya lilijaa kabla ya mchana, akaomba la pili.

Bosi Mdogo alipoyaona mabeseni mawili alipandisha hasira. Akasema ni mgomo. Akasema wanaharibu majani ya baba yake kwa makusudi ili warudishiwe kijiwe chao, na mwisho wa juma ataanza kupunguza watu, akianza na wenye biri nyingi kwenye beseni.

Habari ilifika stoo kupitia Kifupi, aliyejifanya anakwenda msalani.

"Anasema tumefanya makusudi, dada. Kataja jina langu."

"Na mimi je?"

"Wewe kakusifu. Kasema kachungulia, na angalau yule wa stoo kazi yake ni safi."

Mama Habari angeweza kuinyamazia sifa ile. Kazi yake ilikuwa bado haijafika kwa mkaguzi, na yeye peke yake ndiye alijua iliyomo. Alichukua biri moja kutoka kwenye rundo lake, akavuka ua, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Vuta hii, mwanangu."

Bosi Mdogo akaitazama, akaizungusha, akaisifia mshono. Akaiwasha. Akavuta. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Ya nani hii?"

"Yangu. Na zote zilizoko stoo ziko hivyo hivyo."

"Basi na wewe umo kwenye mgomo."

"Mimi ningetaka kukuharibia kazi, ningeharibu kwa ustadi zaidi ya huo. Hii imeharibika yenyewe, na imeniaibisha. Unadhani mtu kama mimi angekuletea aibu yake mkononi kwa mchezo?"

Bosi Mdogo akaizungusha ile biri vidoleni. Mama Habari akaendelea.

"Hawa unaotaka kuwafukuza wana mikono ile ile aliyoijua baba yako. Umewabana, nao wanabana majani. Rudisha kiti, mabeseni yatakauka."

"Nikirudisha kiti, kesho mtaniomba nini? Kitanda?"

"Kwa mgongo huu, nisingekikataa."

Mama Habari anasema aliona mdomo wa Bosi Mdogo unataka kucheka, akauzuia. Kisha akamwambia arudi stoo.

Alirudi, kweli. Lakini alirudi kuchukua meza. Aliikokota mwenyewe uani, miguu ya meza ikichora mistari kwenye vumbi, na alipofika mlangoni mwa chumba kirefu ikakwama. Hakuna aliyeambiwa kitu. Kifupi aliinuka akashika upande mmoja, Dada Mkubwa akashika mwingine, meza ikaingia. Mama Habari akageuza ndoo tupu, akaketi mbele ya wote na kuanza kusimulia. Majani yake yakagawanywa.

Bosi Mdogo alikuja akasimama mlangoni, mikono mifukoni, muda mrefu. Akaondoka. Hajaruhusu, hajakataza, na kiti hajakirudisha. Wanaendelea na ndoo. Beseni la pili limerudi jikoni, na hakuna aliyepunguzwa.

Mambo yangeishia hapo, ila mwishoni mwa mwezi kuna wageni. Ni wanunuzi wa mbali, watu wa kuonja, wanaokaa na biri moja mchana mzima na kubishana juu ya jivu lake. Wakiridhika, karakana itapata soko la kuitosha miaka. Bosi Mdogo amepaka rangi madirisha na kushonesha aproni mpya. Ameomba kitu kimoja, safari hii kwa upole: siku hiyo wasokotaji wakae kimya, wageni waone kazi ya heshima. Kisha upole ukamwishia, akaongeza kwamba atakayefungua mdomo ataikuta meza yake nje ya geti.

Nyumbani kwa Mama Habari ni vyumba viwili na kibaraza, na jioni hakukosi majirani wanne watano waliopita "dakika moja tu" wakala mpaka wali ukaisha. Binti yake, muuguzi, ana ugomvi wake wa siku nyingi na tumbaku.

"Mapafu ni yako, mama, lakini kikohozi nakisikiliza mimi," anasema akiosha vyombo. "Na sasa hili. Siku moja tu. Hujui kunyamaza siku moja?"

"Ningejua, usingezaliwa. Baba yako alinipenda kwa maneno."

"Wakikufukuza?"

"Nitasokota hapa kibarazani."

"Kwa majani gani, mama? Nani atakuuzia?"

Mama Habari anakubali kwamba swali ni la haki. Analipwa kwa siku, si kwa mwezi. Ujira huo unampa chakula, kodi na akiba kidogo ya matibabu. Bei ya biri yake moja dukani ni ujira wake wa siku mbili. Akitoka pale, hakuna karakana nyingine ya kubisha hodi.

Hata hivyo amekata shauri. Anasema wageni hawaji kununua aproni. Wanakuja kwa pilipili ile ya mwanzo na utamu ule wa mwisho, na mikono ikitishwa siku hiyo, watakachokivuta ni woga uliofungwa kwenye jani zuri.

"Tukinyamaza mbele yao, tumekubali kwamba mazungumzo yetu ni uchafu wa kufagiwa wageni wakija," anasema. "Mimi sifagiwi. Mwenzangu akiogopa, simlaumu, na ainamishe kichwa asokote. Kazi ya mdomo nitaifanya mimi."

Aproni mpya imetundikwa nyuma ya mlango, na anasema ataivaa, ameipenda mifuko yake. Nywele atasuka siku moja kabla. Hata maneno ameyapanga, na anayasema hapo kibarazani mbele ya majirani, kidole kikiwa juu, binti yake akisikiliza dirishani na sahani mkononi.

"Nitawaambia hivi: Karibuni, wageni wetu, vuteni viti, washeni. Lakini kabla hamjaonja, ngojeni niwasimulie habari za wiki moja ambayo chumba hiki kilinyamaza, na biri tulizozipata."