Kiini cha jua kilichozunguka kwa wiki moja kule Karungu

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa nafanya masters ya physics. Kazi yangu ilikuwa kupima kasi ambayo kiini cha jua kinazunguka.

Msicheke. Jua linatetemeka muda wote, kama sufuria iliyogongwa. Mitetemo inayofuata mzunguko wake na ile inayoenda kinyume hutofautiana kidogo, na hiyo tofauti ndiyo inakuambia huko ndani kunazunguka haraka kiasi gani.

Kifaa cha kupima mitetemo hiyo nilikifunga kwa mama kijijini Karungu, kando ya ziwa, akawa mlinzi wake. Mimi nilikaa Homa Bay penye kompyuta, nikiletewa data kwa diskette. Kulikuwa na mapengo, nikadhani ni mawingu ya ziwani. Program iliyajaza yenyewe.

Matokeo yakatoka. Uso wa jua huzunguka kwa karibu mwezi mzima. Kiini changu kilichukua wiki moja!

Nikampigia supervisor. Alifurahi sana, akanipangia Jumatatu nipresent mbele ya maprofesa.

Hapo ndipo shaka ilianza kuniingia. Mbona wiki kamili, kama kalenda? Nikisema upuuzi mbele ya wale watu, masters imeenda.

Ijumaa nikaenda nyumbani kukagua kifaa. Jua lilipokuwa linazama, mama, Msabato wa kufa na kupona, akatoka na leso yake ya kujifunga, akakifunika na kukaza fundo.

"Mama, unafanya nini?"

"Sabato inaingia, nyathina, mwanangu. Hata ng'ombe yetu hailimi kesho, sembuse hii mashine?"

Kila Jumamosi, wakuu. Tangu siku ya kwanza. Pengo la kila siku saba ndilo nililolisoma kama mzunguko wa kiini.

Nilikuwa nimempima mama yangu.

Nikakaa kwenye nyasi.

"Kwani nimeharibu?" akauliza kwa sauti ndogo. Nikaanza kuhesabu Jumamosi kwa vidole.

Jumatatu nilisimama mbele ya maprofesa, nikaeleza yote. Mmoja akauliza kama mama anaweza kuacha kufunika. Nikasema hawezi. Wakaniongezea muda.

Nilirudia hesabu nikijua Jumamosi zote ni tupu. Ile wiki ikayeyuka. Thesis ikaishia kusema data yangu haitoshi kujua kiini kinazungukaje, na nikapita nayo hivyo hivyo.

Nilichojifunza: ukipata jibu tamu sana, kwanza nenda ukaone kifaa chako kinaishi na nani.

Ijumaa ile baada ya kupresent nilikuwa nyumbani tena. Mama alisimama kando ya kifaa na leso mkononi, akiniangalia, anaogopa kukigusa.

Nikamsaidia kufunga fundo.

Nyinyi mngemkataza? Semeni bila kunionea haya, nasoma zote.