Nyumba Iliyo Karibu na Hospitali

Wendell Gaines alikuwa fundi wa mabasi ya jiji la Cleveland mpaka moyo ulipomwangusha kazini. Daktari akamwambia aache kazi, aache chumvi, na ngazi aziogope. Fleti yao ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imekufa siku nyingi. Basi yeye na mkewe Ernestine, mpishi wa shule, wakaanza kutafuta nyumba ya chini.

Mahali pa kuchagua palikuwa pawili. Lorraine, dada yake Ernestine, alikuwa amewaonea nyumba jirani yake, mbali kule nje ya jiji, ambako zamani kulikuwa mashamba ya mahindi. Pa pili ni huku kwetu Garnet Heights, ambako jiji linaishia bila wewe kujua kwamba limeishia. Nyumba zetu ni za matofali, kuukuu, zimebanana, na mtu wa mshahara wa kawaida anaziweza. Mimi nilipoolewa hapa, mtaa mzima wa Larchwood tulikuwa Waslovenia. Sasa kuna weusi, kuna Wanepali, kuna watu wa Puerto Rico, na mimi Milka, mjane, niliyebaki.

Siku walipokuja kuitazama ile nyumba ya mkabala nilikuwa nakusanya majani barazani. Lorraine alikuwa mbele, anagonga ukuta kwa kidole.

"Ernestine, unauona ufa huu? Nyumba hii rika la mama."

"Mama si bado anatembea?" Wendell akamjibu.

"Shemeji, mimi sitanii. Kodi ya manispaa huku inakamua watu. Maduka yanafungwa. Na ukija kuuza, nani atanunua?"

"Kwako wewe nikitaka mkate niwashe gari. Nikitaka mtu wa kupiga naye soga, niwashe gari. Hata nikifa, mtajua kwa kuwa gari halijawashwa."

Lorraine alicheka bila kutaka. Ernestine hakucheka kabisa. Alivuka barabara akanijia.

"Mama, samahani. Ile hospitali pale mwisho wa barabara, wanapokea watu wa moyo?"

"Wanapokea," nikamwambia. "Marehemu mume wangu walimrudishia uhai mara mbili."

Akageuka akaitazama ile nyumba upya, kama mtu aliyetambulishwa kwa mkwe. Mwezi uliofuata wakahamia.

Wendell alikuwa mtu wa barazani. Aliketi na koti lake la kazi akimchokoza kila apitaye. Jirani yake wa ukutani, Bhim Adhikari, Mnepali anayefanya kazi kiwanda cha nyama, alimpenda kama kaka.

"Bhim, mkeo amepika nini leo? Harufu imeniingilia mpaka chumbani."

"Dengu, kaka."

"Dengu jana, dengu leo. Hamwogopi kuota mizizi?"

"Wewe kula supu yako isiyo na chumvi, mzee. Usituonee wivu."

Na jioni sahani ya dengu ilivuka ukuta. Bhim ndiye aliyemtolea theluji njiani majira yote ya baridi, maana Ernestine alikuwa amemficha Wendell sepetu.

Kisha hospitali ikafungwa. Tulisikia kwanza kwa wauguzi, baadaye kwenye televisheni: wenye hospitali wamesema haileti faida. Tulikwenda manispaa kupiga kelele. Ernestine alisimama akauliza kwa sauti ya chini, "Mume wangu akianguka, nimpeleke wapi?" Bwana mmoja mwenye tai akamjibu kwamba magari ya wagonjwa ni ya kisasa, ni kama hospitali inayotembea. Watu wakazomea. Kabla ya majani kuanguka, mlango wa wagonjwa wa dharura na madirisha vilikuwa vimepigiliwa mbao.

Ernestine akataka kuhama siku ile ile. Nilikuwa jikoni kwao walipogombana.

"Nilikuja hapa kwa ajili ya lile jengo, Wendell. Si kwa ajili ya baraza, si kwa ajili ya dengu."

"Mimi nilikuja kwa ajili ya baraza."

"Basi baraza litakupa pumzi?"

"Ernestine, nimechoka. Nimehama maisha yangu yote. Mama yangu alinihamisha kutoka Alabama nikiwa mgongoni. Safari hii wanihamishe wengine."

Ernestine akaweka sufuria chini, akatoka nje bila koti.

Januari, asubuhi ya theluji nzito, Wendell alianguka sakafuni akivaa soksi. Bhim alisikia ukelele akaruka ukuta, akamkandamiza kifua mpaka gari lilipofika. Na lilifika upesi, siwezi kusema uongo. Vijana wale walifanya kila kitu. Lakini hospitali iliyobaki iko ng'ambo ya barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa imeziba kwa malori yaliyoteleza. Walipita mbele ya hospitali yetu yenye mbao madirishani, Ernestine yumo ndani amemshika mguu. Wendell alikata roho njiani, gari limesimama, king'ora kinalia, na hakuna pa kupita.

Mazishini Lorraine hakusema "nilikwambia". Lakini alikuwa amekwisha kufungua chumba kwake, akatandika na kitanda.

Nyumba ikatangazwa kuuzwa. Wakaja mke na mume, vijana, Yesenia na Dwight, na Yesenia ana mimba imeanza kuonekana. Dalali akawazungusha, anasifia sakafu ya mbao. Ernestine alitakiwa awe ametoka. Hakutoka. Alikuwa ameketi jikoni, na mimi pembeni yake.

"Bibi, mtaa ni mzuri?" Yesenia akamwuliza.

"Watu ni wazuri. Jirani wa ukutani ni mtu wa kutegemewa. Lakini hospitali hakuna. Ile mliyoiona imefungwa. Mume wangu alifia njiani."

Dalali akakohoa. "Mama Gaines ana majonzi, jamani. Tusimchoshe."

"Sijachoka," Ernestine akasema. "Nimeulizwa."

Dwight akamtazama mkewe. Walitoka, wakasimama barabarani muda mrefu, na mimi dirishani nikadhani wameghairi. Yesenia akarudi peke yake.

"Bibi, asante. Tumetazama kila mahali. Kwingine kote hatupawezi, au wanatuambia nyumba imeshachukuliwa wakituona sura. Tutanunua."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia."

Ernestine akahamia kwa Lorraine masika yale. Alinipigia simu mara kwa mara, na kila mara swali lilikuwa moja: yule binti amejifungua? Nikamwambia bado, mpaka siku nilipomwambia tayari, mtoto wa kike, salama. Nikamweleza kwamba wiki ya mwisho Yesenia na mumewe walikuwa wamechukua chumba kwenye hoteli iliyo mkabala na ile hospitali ya mbali, wakalala huko kwa woga, wakingoja uchungu.



"Hoteli," Ernestine akasema. "Mimi hata sikufikiria hoteli."

"Ungelala naye hotelini mpaka lini, dada? Mtu wa moyo si mja mzito."

"Najua," akasema. "Najua, Milka." Na nikamsikia Lorraine kwa mbali akimwita chakulani.