Salamu Alizoleta Ramani

Wanaume wa benchi la kinyozi walimwita Ramani, na mwenyewe jina hilo alilivaa kama kofia mpya. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu mpaka mgongo ulipomgomea, na tangu hapo kazi yake ikawa moja, kukaa kwa kinyozi na kuwatembeza wenzake kwa mdomo katika mji mkubwa wa nchi jirani. Angekwambia mnara wa saa uko wapi, soko la chini ya daraja linauza nini, na jinsi fujo ya mji ule inavyoweza kumpoteza mwanaume mzima mchana kweupe. Wengine walimnunulia soda ili tu aendelee.

Mkewe alikuwa akishona sare za shule barazani, jirani kabisa na kinyozi, na kila neno lilimfikia. Watu walimwita Mama Sare. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyedhani kwamba ukimya ule ulikuwa upole, basi hakumjua hata kidogo. Alikuwa na kinyongo na mumewe, cha miaka nenda miaka rudi, na alikitunza kama kitambaa cha bei kinachosubiri siku ya mkasi.

Kinyongo chenyewe kilianza hivi. Zamani, kabla ya simu za mikononi, dada yake mkubwa alikwenda kufanya kazi ya usafi katika mji ule ule, akaugua, akalazwa. Mama Sare alimwomba mumewe ampakie kwenye lori akamwone. Ramani akakataa.

"Mji ule utakumeza," alimwambia. "Wewe hata sokoni hapa unapotea. Nitakwenda kumwona mimi kwa niaba yako."

Akaenda, akarudi, akavua viatu, akasema, "Nimemwona. Anaendelea vizuri. Anakusalimia sana, amesema usihangaike."

Mama Sare hakuhangaika. Wiki haikuisha, habari ya msiba ikafika, na dada akazikwa huko huko na wafanyakazi wenzake. Tangu siku hiyo aliapa moyoni kwamba ipo siku atakwenda mwenyewe, atautembea mji ule atakavyo, atarudi mzima, kisha atakuja kumfunga Ramani mdomo mbele ya benchi lake.

Siku hiyo ilichelewa, lakini ilikuja. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, sare za muhula mpya zilikwisha kuuzwa, akakata tiketi ya basi la bei ya chini kuliko yote. Begini alitia magauni mawili, mkate, mkasi, na chini kabisa vikabaki vipande vya kitambaa cha bluu ambavyo hakujali kuvitoa. Binti yake alimpigia simu.

"Mama, unakwenda na nani?"

"Na miguu yangu."

"Baba anasema utapotea."

"Mwambie akae hapo hapo anisubiri nipotee."

Mji ulimpokea kwa kelele. Pikipiki zilipanda mpaka vibarazani mwa maduka, honi zilipigwa bila sababu, na nyaya za umeme zilijisokota juu ya vichochoro kama uzi uliochezewa na mtoto. Nyumba ya wageni aliyoimudu ilimpa chumba cha juu kabisa, kisicho na dirisha, choo cha watu wote, na mlango usiofungika mpaka uuegemeze kiti. Akalala fofofo. Asubuhi akaanza kuufuata mji kama Ramani alivyokuwa akiusimulia, na hapo ndipo mambo yakamwendea mrama. Ukitoka stendi unauona mnara mkono wa kulia, ndivyo alivyosema siku zote. Mkono wa kulia kulikuwa na ukuta wa kiwanda. Soko la chini ya daraja halikuwa karibu na daraja lolote. Alizunguka mpaka visigino vikamwaka moto, akatokea kwenye kona ile ile mara nyingi kiasi kwamba muuza magazeti alimuuliza kama amedondosha kitu.

Mwanzoni alijilaumu mwenyewe, maana alikwisha kuambiwa mara nyingi kwamba yeye ni wa kupotea. Kisha akachoka kujilaumu. Akatoa vile vipande vya bluu, na kila kona aliyoizoea akafunga kimoja kwenye nondo ya dirisha au mguu wa bango. Mama mmoja mfagia barabara alivifungua akamletea kiganjani, akidhani amevisahau. Wakacheka, wakavifunga upya pamoja, na mfagiaji akamwonyesha njia ya hospitali. Haikupita muda mji ukawa na mshono, na yeye akawa anaufuata bila kuuliza mtu.

Wodi aliyolazwa dada ndiyo hakuijua. Ramani alikuwa akisema kwamba mama mmoja muuza chai kwenye yadi ya malori ndiye aliyempatia mtu wa kumpeleka mpaka kitandani. Basi Mama Sare akaenda yadini, nje ya mji, akamkuta mama chai, mzee sasa, bado yupo na birika lake.

"Mrefu, mwenye mwanya? Namkumbuka," mama chai alisema. "Alikaa hapo hapo ulipokaa, akiwauliza wenzake waliotoka mjini habari za mjini. Mnara uko wapi, soko linauza nini."

"Kwani yeye alikuwa haingii?"

"Anayetaka kuingia anaacha leseni getini, anakwenda zake. Mumeo hakuingia hata siku moja. Alisema mji unamtisha."

"Alikuja kumwona mgonjwa. Dada yangu."

Mama chai akaacha kufuta meza. "Alinitajia. Nikamwambia nitampa mtu wa kumpeleka. Akasema kesho. Kesho yake akapakia mzigo akaondoka. Pole, mdogo wangu."

Mama Sare alimaliza chai yake yote, akashukuru, akatoka. Nje alishika uzio wa yadi kwa mikono miwili. Alimchukia mumewe vile hajapata kumchukia mtu. Zile salamu, ambazo alikuwa akizirudia peke yake kwenye cherehani kila alipomkumbuka dada, zilitungwa hapa, juu ya kikombe cha chai. Kumfunga mdomo sasa kulikuwa adhabu ndogo mno.

Aliporudi nyumbani, benchi lilikuwa limejaa.

"Haya, waambie," Ramani alisema. "Niliwadanganya?"

"Hukudanganya hata kidogo. Ule mnara, si ndio saa yake inakwenda kinyumenyume?"

Ramani alikohoa. "Ndiyo huo huo."

"Na yule askari kipofu anayeongoza magari pale benki, bado yupo."

"Yule mzee? Hodari sana yule."

Kinyozi alisimamisha mashine yake kwa mshangao. Mama Sare alizidi kumwongezea ya uongo, na kila "ndiyo" ya mumewe ilimshuka kama maji ya baridi. Mwisho akasema amekata tiketi mbili, Ramani atamtembeza mji mwenyewe na kumwonyesha wodi aliyomkuta shemeji yake. Wenzake wakampongeza. Naye akacheka nao, uso umempauka.

Akaumwa mgongo, akaumwa tumbo, akaumwa jino. Mkewe alifungasha dawa za yote.

Walishuka ng'ambo ya barabara, hospitali ikiwatazama. Magari yalipita bila mwanzo wala mwisho. Ramani alikumbatia begi.

"Mama, sikuingia," alisema. "Sikumwona dada yako."

"Najua."

"Nisamehe. Turudi."

"Siku zile ulipoondoka, mwenzake dada wa kazini alikuwa huku likizo, nikampa ujumbe ampelekee hospitali," Mama Sare alisema. "Nilisema amwambie, shemeji yako yuko njiani, mngoje. Kwa hiyo alikuwa anakungoja."

Mkewe alinyoosha kiganja, akaingia katikati ya magari kwa mwendo ule ule mmoja, akatokea upande wa pili, akakaa kwenye ukuta mfupi wa geti. Kutoka pale alimwona akishusha mguu barabarani na kuurudisha, akishusha na kuurudisha. Hakumwita. Saa ya kuwaona wagonjwa ikafika, watu wakaingia na vifurushi vyao, ikaisha, wakatoka, na Ramani alikuwa bado amesimama ng'ambo.