Tangazo la Kavira Lililochelewa

Redio ya Bwera ilipata mabwana watatu, na Kavira aliwafagilia wawili wa mwisho. Kwanza parokia: rozari asubuhi, kwaya jioni. Kisha tajiri wa kahawa kutoka Kyondo, aliyeitimua kwaya akaleta mpira na makelele yake. Sasa ni kampuni ya Kampala, iliyoleta kompyuta inayopiga muziki mchana kutwa bila kuchoka wala kupiga chafya. Mabwana walipita, Kavira akabaki.

Hakubaki kwa kupenda ufagio. Alipokimbia vita Butembo, miaka kumi na miwili iliyopita, mwanawe Martine, wa miaka mitano, alimponyoka katika msongamano wa mpakani. Redio ya parokia ikamtangaza saa saba mchana. Kesho yake wachuuzi wa samaki wa Kahendero wakamleta mtoto, ameketi juu ya makapu, ananuka ngege, samaki wao, mzima kabisa. Kavira alitaka kushukuru hewani, lakini wiki ileile redio iliuzwa, na tajiri hakuwa na nafasi ya shukrani. Basi akaomba kazi palepale. Baadaye akapewa kusoma matangazo ya vifo na ya waliopotea. La kwake aliona haya kulichomeka. Wafiwa wana haraka zaidi, alijiambia.

Kampuni ikamtuma meneja, Mugume, kijana mwenye viatu vinavyong'aa.

“Mama Martine, matangazo ya vifo imeisha. Sasa ni muziki tu. Watu inataka kufurahi.”

“Na benye kufa, bosi, bataenda wapi?”

Mugume akaongeza sauti ya muziki. Kavira akarudia ufagio wake, na moyo ulimuuma kweli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu mgeni hakuuliza wenyeji. Hakujua kwamba mtaani pale kaburi halichimbwi kabla redio haijamtaja marehemu. Kuchimba mapema ni kumsukuma mtu kaburini. Wiki ya pili akafa Mzee Baluku, mwenye nyumba aliyopanga Mugume. Wazee wakaketi uani kwa marehemu, majembe yameegemezwa ukutani. Saa saba, muziki. Saa nane, muziki. Saa tisa Mugume akaingia redioni mbio, shati limelowa jasho.

“Mama, tafadhali, soma! Watu imekaa tu!”

“Kompyuta haijue kusoma?”

“Mama!”

Kavira akacheka, akamhurumia, akaketi. Akamtaja mzee, watoto wake, wakwe zake, mmoja mmoja kama inavyopasa. Hajaumaliza ukoo, simu ya Mugume ikalia: wameanza kuchimba.

“Saa saba ni ya kwako, Mama,” Mugume akanong'ona. “Kila siku.”

Kavira hakukizima kipaza sauti.

“Iko tangazo moja imebaki. Mutoto Martine, wa miaka tano, alipotea ku mupaka. Alipatikana. Mama yake anasema aksanti sana kwa watu ya Kahendero.”

Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Kesho yake asubuhi, alipokuja kufungua, alikuta kapu la ngege mlangoni, wabichi, wamefunikwa kwa jani la mgomba.