Bibi na Wimbo wa Kuchambua Karafuu

Enzi zetu, karafuu zikishushwa uani kwetu Pujini, tumbo langu lilianza kuuma. "Tumbo lako lina kalenda," Mama alisema, akanivuta jamvini kuzichambua na makonyo, vile vijiti vyake, vidole vikinata, harufu ikipanda mpaka machoni.

Msimu mmoja tulikuwa na mgonjwa wa kweli: Bibi, mamake Mama. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia, kikamwondolea maneno yote. Yeye aliyekuwa akiongoza nyimbo za jamvini sasa alisema "ee, ee" tu. Akitaka maji, tukampa mto. Akasomewa, akafukizwa, akanyweshwa makombe ya aya zilizooshwa kwa maji, wapi! Mama alinong'ona, "Atakufa hajaniita tena."

Alasiri moja jirani yetu, Bi Salma, akaanzisha wimbo wa kufunza watoto kazi: konyo kushoto, karafuu kulia. Mimi, kwa uvivu na sauti ya mbuzi, nikaugeuza, konyo kulia, karafuu kushoto, na karafuu safi nikawa nazitupa kwenye makonyo. Mara kutoka kitandani kwa Bibi:

"Konyo kushotooo, karafuu kulia, mwana mvivu, tazama mkonooo!"

Kila neno limenyooka. Mama akaangusha pakacha.

"Ama mtoto huyu!" Bi Salma akasema. "Makombe yote yameshindwa, uvivu wake ndio dawa!"

Bibi akaombwa aseme. "Ee, ee." Akaimbiwa, akaimba. Basi Mama, asiyewahi kuimba hata harusini, akajifunza kuuliza kwa mahadhi yaleyale: "Mama, wataka niniii?" Naye Bibi akajibu, "Uji, Zuhura, usizidishe sukariii." Kusikia jina lake, Mama akalia juu ya sufuria hata uji ukaungua. Bibi akauimbia na huo uji wa kuungua.

Juzi mjukuu wangu, daktari wa Chake Chake, kanieleza kuwa kwa watu wengi maneno hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na kuimba huamsha na wa kulia. Subhanallah! Kumbe hata kichwani Mola ametuchambulia, hiki kushoto, hiki kulia.

Siku hizi wajukuu wangu watatu huketi sebuleni, kila mmoja kaziba masikio kwa wimbo wake, wakitikisa vichwa kama mijusi. Wana nyimbo nyingi kuliko sisi, na sauti nzuri kuliko yangu, jambo ambalo si gumu. Ila nawatazama nikijiuliza: siku ulimi wangu ukifungika, nani kati yao ataujua wimbo wangu, japo auimbe vibaya, nipate kumsahihisha?